Kuipima Pangani: shajara ya ramani ya mji wa mlangoni mwa mto

Jumanne, 27 Agosti 2024

Leo tumeanza. Tuko wanne: mimi na mwenzangu tuliosomea upimaji, kijana wa Bweni atakayeshika fimbo ya kupimia, na nahodha tuliyemkodi na mashua yake kwa siku za mtoni. Eneo letu ni mji wa Pangani wenyewe, pwani ya Tanga, Bweni ng'ambo ya mto, fungu la mchanga na matope ya mlangoni, na kingo zote mbili za mto kwenda juu mpaka pale maji ya chumvi yanapochoka.

Niandike sababu sasa, kabla kazi haijaanza kunisahaulisha. Ramani zilizopo hazioni Pangani. Ukifungua karatasi ya 1:50,000 ya mfululizo wa Y742, Bweni unaiona vizuri, kilima chake kimechorwa kwa kontua, mistari ya mwinuko ulio sawa, zilizobanana. Mji, kwa upande wake, umelala kati ya ufuko na kontua ya kwanza, na humo ndani hamna mstari hata mmoja. Ni weupe mtupu na vijumba. Lakini maisha yote ya mji yako ndani ya weupe huo: nyumba ipi inaingiwa na maji ya bamvua (yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), njia ipi inapitika, kisima kipi kitaingiwa na chumvi. Hayo yote yanaamuliwa na tofauti ya kiganja kimoja au viwili.

Modeli za bure za mwinuko wa dunia nzima nazo hazisaidii. Inayotumika sana ni SRTM, iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha angani cha Marekani, Endeavour, kwa siku 11 mnamo Februari 2000. Pikseli yake, yaani kila kiraba cha picha, ni mita 30, yaani nyumba kadhaa na uchochoro wake vinapewa urefu mmoja. Tena rada ile iligonga makuti ya minazi na majani ya mikoko kabla ya kufika chini. Nilipoifungua jana usiku, msitu wa mikoko, ambao maji huuingia kila siku, ulikuwa umeinuka kama kilima kuliko mtaa wa soko. Mtu akichora ramani ya mafuriko kwa data hiyo atawaambia watu wakimbilie mikokoni.

Lengo letu ni kontua za nusu mita kwa mji wote, na za robo mita kando ya mto.

Ijumaa, 30 Agosti

Siku mbili za kutembea tu, kutafuta bikoni, alama za zamani za upimaji. Tumepata bikoni tatu. Moja imeng'olewa, moja imejengewa ukuta juu yake, na moja nzima, imezama mchangani, tumeifukua kwa mikono. Hiyo nzima ndiyo tuliyowekea mpokezi wa GPS wa kituo, ukakaa hapo saa sita.

Kijana alikuwa anatazama skrini. Akaniita, uso umebadilika. "Kaka, inasema urefu hasi ishirini na nne. Tuko chini ya bahari?"

Swali zuri, na nimefurahi limekuja mapema. Setilaiti hazijui bahari iko wapi. Zinapima kutoka kwenye elipsoidi, umbo laini la dunia lililokokotolewa na wanahisabati. Maji ya kweli hufuata mvutano wa dunia, na mvutano hauko sawa kila mahali. Kwenye pwani yetu uso wa bahari umeketi zaidi ya mita 20 chini ya elipsoidi hiyo. Kwa hiyo mtu aliyesimama nchi kavu, miguu mikavu kabisa, anasoma hasi. Tunairekebisha kwa modeli ya geoidi, yaani ya umbo hilo linalofuata mvutano, EGM2008, lakini modeli hiyo yenyewe inaweza kukosea kwa desimita kadhaa mahali kama hapa. Desimita kadhaa ndizo zinazotofautisha kizingiti kikavu na kilicholowa. Basi GPS itatupa mahali, na urefu tutauchukua kwa levo, darubini ya kusomea tofauti za urefu, na kwa maji yenyewe.

Jambo moja la faraja: Pangani iko karibu kabisa na longitudo 39 mashariki, ambayo ndiyo mstari wa kati wa kanda ya 37 ya UTM, gridi ya ramani ya dunia nzima. Kaskazini ya gridi na kaskazini ya kweli hapa ni kitu kimoja. Kinachobaki kukumbuka ni kwamba kwenye mstari wa kati gridi imepunguzwa kwa 0.9996, hivyo kilomita moja ya ardhini inasomeka pungufu ya sentimita 40. Na kwamba karatasi za zamani ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa vipimo. Ukiingiza namba zake kwenye simu bila kuzigeuza, unahama kadiri ya mita 300, nazo kwa Pangani zinatosha kukutoa mjini na kukutia mtoni.

Jumatano, 4 Septemba

Mwezi umeandama jana, leo bamvua. Tumesimika fimbo mbili za kusomea maji, moja kwenye ngazi za mtoni upande wa mji, nyingine upande wa Bweni, mbali na mawimbi ya pantoni. Tunasoma kila dakika kumi kwa zamu, mchana na usiku. Usiku tochi, daftari na mbu.

Bamvua kubwa ya pwani hii hupanda na kushuka kadiri ya mita 3 na nusu, pengine hadi 4. Maji mafu, yale madogo ya katikati ya bamvua mbili, hayafiki hata nusu ya hapo. Wastani wa kweli wa bahari unataka miaka 19 ya kusoma, ili mzunguko mrefu wa njia ya mwezi angani upite. Sifuri ya urefu ya nchi yetu ilitokana na vipimo vya maji vya bandari ya Tanga, siyo mbali na hapa. Sisi tutasoma wiki saba tu. Hatutengenezi sifuri mpya. Tunataka kujua sifuri ya zamani na maji ya leo ya Pangani vinakutana wapi.

Jumamosi, 7 Septemba

Siku ngumu ya kubeba urefu kwa levo. Tulianzia kwenye bikoni, tukapita sokoni, tukashuka ngazi hadi kwenye fimbo ya maji, tukarudi kwa njia ya nyuma mpaka tulipoanzia. Kilomita 3 na kidogo. Kwa urefu huo tunaruhusu kosa la milimita 21 au 22. Tulipofunga mzunguko, urefu wa bikoni ulitofautiana na wa mwanzo kwa milimita 58.

Tulikaa kivulini tukapitia daftari ukurasa kwa ukurasa. Hesabu sawa. Mwenzangu akataka tugawe kosa kwenye vituo vyote tuendelee, maana jua lilikuwa kali na watu wamechoka. Nilikataa. Kosa la milimita 58 kwenye mzunguko mfupi hivi halijatawanyika, limekaa mahali pamoja, na ukiligawa unakuwa umeharibu vituo ishirini vizuri kwa ajili ya kimoja kibaya.

Tukaenda kuitazama fimbo ya kupimia. Ni ya alumini, inavutwa vipande, na kila kipande kina kitufe kinachotakiwa kuruka nje na kutoa mlio. Kitufe cha kipande cha juu kilikuwa kimejaa chumvi na mchanga, kimeruka nusu. Ukiishika fimbo wima inakaa, ukiigonga chini kidogo inateleza. Nilipima pengo kwa rula: milimita 58 kamili. Ilikuwa imeteleza pale kwenye ngazi za mtoni, kituo pekee tulichosoma juu ya mita 3, kwenye kipande hicho cha juu. Alama iliyoandikwa 3.10 ilikuwa imeketi kwenye 3.042, kwa hiyo tukaiandika fimbo ya maji chini kuliko ilipo.

Tumerudia kituo kimoja tu. Kosa la kufunga sasa limo ndani ya kiasi kinachoruhusiwa. Kijana ameosha vitufe vyote kwa maji baridi na kuvipaka mafuta ya nazi, na amejipa kazi hiyo kila jioni bila kuambiwa.

Jumapili, 8 Septemba

Mapumziko. Nimepita mjini bila chombo chochote mkononi.

Huwezi kupima Pangani usifikirie waliokuja kuipima kabla yako. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipanda mto huu mwaka 1857 kwenda Fuga, Usambara. Mwaka 1888 Oscar Baumann, mchoraji ramani kutoka Austria, alikuwa safarini huku pamoja na Mjerumani Hans Meyer wakati watu wa pwani walipoinuka chini ya Abushiri bin Salim dhidi ya kampuni ya Wajerumani. Walikamatwa, wakatiwa minyororo, wakaachiwa kwa fidia. Abushiri alinyongwa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na mwaka uliofuata Baumann alirudi akachora ramani ya Usambara. Mzee aliyetukuta wiki iliyopita tumesimamisha levo barabarani alituuliza jambo moja tu: "Mnampimia nani?" Sikuudhika. Kwa mji huu ni swali lenye haki yake. Nilimjibu kwamba ramani itabaki hapa, kwenye karatasi, ofisi ya kata na shuleni, na sitaki jibu hilo liwe maneno matupu.

Jumatano, 18 Septemba

Droni imeruka leo asubuhi. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga tulikishughulikia mapema kabla ya kufika. Tumeruka mita 100 juu, picha zikipandana asilimia 80 kwa mbele na 70 kwa ubavu, pikseli moja ardhini kama sentimita 2.7. Kabla ya hapo tulitandaza vitambaa vyenye msalaba mweusi na mweupe mahali 22, kila kimoja kimepimwa kwa GPS na levo. Watoto walivilinda vizuri kuliko tulivyotarajia. Mbuzi mmoja alikula pembe ya kimoja, lakini katikati ya msalaba palibaki.

Saa niliichagua kwa makusudi: saa nne na nusu, siku ya mwezi mpevu, maji yamekupwa kabisa na fungu la mlangoni limelala wazi kama mgongo wa nyangumi. Upepo wa kusi bado haujaamka saa hizo.

Hapo ndipo niligundua jambo lililonikosesha usingizi. Pwani hii, bamvua hujaa karibu saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hukupwa saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Ni hivyo mwezi nenda mwezi rudi, kila mvuvi anajua. Sasa setilaiti kama Sentinel-2, ambazo picha zake watu hutumia kuchora mpaka wa maji, hupita juu yetu kila mara asubuhi, saa tano kasoro. Maana yake siku ya bamvua zinakuta maji yamekupwa, na siku zinazokuta maji yamejaa ni siku za maji mafu. Zipite miaka kumi, hazitaiona hata mara moja bamvua ikiwa imejaa. Ramani yoyote ya "maji hufika hapa" iliyochorwa kwa picha hizo peke yake imeikosa ile siku yenyewe inayowasumbua watu. Haikosei kwa bahati mbaya. Inakosea kwa ratiba.

Kwa hiyo kesho alasiri hatutegemei angani. Tutasimama chini, na chaki.

Alhamisi, 19 Septemba

Mwezi mpevu wa jana ulikuwa wa karibu na dunia, na tuko karibu na siku ambayo mchana na usiku hulingana. Bamvua ya leo ilitarajiwa kuwa kubwa, nayo ikawa kubwa.

Tulijigawa mtaani kuanzia saa tisa. Maji ya mto huu hayaji kwa kishindo siku yenye utulivu. Yananyemelea. Kwanza mtaro unakuwa mweusi, kisha unang'aa, kisha takataka zilizokuwa zimetulia zinaanza kusogea kuelekea bara, upande usio wake. Unageuka kuandika namba, unarudi, ukingo wa barabara haupo. Tulichora mstari wa chaki kila maji yaliposimama, tukaweka misumari kwenye nguzo na mizizi, tukaandika saa. Vijana wa mtaani walishika chaki nasi. Alama 61 kwa saa moja na nusu.

Nyumba moja ya zamani ya udongo na mawe ya matumbawe, karibu na mto, nilipiga hodi ili niweke alama kizingitini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nyinyi ndio mnaopima?"

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akanishika mkono akanipeleka kwenye mwimo wa mlango, upande wa ndani. Kwenye mbao, chini, kulikuwa na mikwaruzo ya msumari, mitano, mmoja juu ya mwingine. Kila mmoja ni maji makubwa ya mwaka fulani. Hakuandika miaka. Anaikumbuka kwa mambo: huu mwaka alioolewa binti yangu mkubwa, huu mwaka wa mvua ile, huu mwaka baba yake huyu alipofariki. Mkwaruzo wa juu kabisa ulikuwa kiganja na nusu kutoka sakafuni.

Niliomba ruhusa, nikaisimamisha levo uani na kijana akaweka fimbo kwenye kila mkwaruzo. Mikono ilikuwa inanitetemeka kidogo. Nimesoma vituo vya bandari vyenye mitambo, lakini kumbukumbu ya maji ya mtaa wa Pangani, iliyowekwa na mtu mmoja kwenye mbao moja kwa maisha yake yote, sikuwahi kuishika kwa mkono.

Nilipokuwa nafunga daftari akasema: "Lakini maji hayana shida na mlango wangu, mjukuu wangu. Shida yake ni uani." Nikaandika maneno yake pembeni ya ukurasa, nikashukuru, nikakimbilia alama nyingine kabla maji hayajashuka.

Jumatano, 25 Septemba

Maji mafu, mkondo mpole. Siku ya mto.

Tumepanda na mashua toka alfajiri na kipima kina kikiwa kimefungwa ubavuni. Nahodha alikitazama muda mrefu, kisha akatoa bildi yake: kipande cha risasi kwenye kamba yenye mafundo, kila fundo pima moja, na tako lake amelipaka sabuni ya kipande ili iinase tope la chini aone ni la namna gani. Tulikubaliana apige bildi kila tunaposimama. Penye mchanga, chombo na bildi vililingana. Penye tope laini havikulingana hata kidogo: mlio wa chombo ulirudi kutoka juu ya uji wa tope, risasi ikazama ndani mpaka ikagusa sakafu ngumu. Tofauti ya vipimo viwili ni unene wa tope. Sasa tuna ramani mbili za kitako cha mto badala ya moja, na ya pili tunadaiwa na nahodha.

Juu zaidi tulisimika fimbo ya tatu ya maji. Huko maji yanafika yamechelewa, yanapanda haraka na kushuka polepole, maana kina kifupi na kingo zinayashika. Ukichora mpaka wa bamvua kwa kunyoosha tu namba ya mlangoni kwenda juu ya mto, utakuwa umepotea.

Miti nayo inapima. Mlilana unasimama mbele kabisa penye maji kila siku, nyuma yake mkoko, kisha mkandaa pale panapofikiwa na maji ya bamvua tu, na mchu unajichomeka huku na huku. Ukipanda mto, chumvi ikipungua, unaanza kuona msikundazi. Tumepima urefu wa ardhi mahali kila aina inapoanza na kuishia. Pale droni isipoona chini kwa ajili ya majani, mti wenyewe unatuambia ardhi iko wapi.

Lakini kuna kitu kilitunyamazisha wote mashuani. Minazi. Ekari nzima imesimama bila vichwa, magogo ya kijivu tu. Nahodha alisema alipokuwa mdogo walikunywa maji ya mto hapo. Nilichota kiganja, nikaonja: chumvi. Mto huu unatoka mbali, Kikuletwa na Ruvu kutoka Meru na Kilimanjaro, unakusanywa bwawa la Nyumba ya Mungu, unapita kinamasi cha Kirua, unazungusha mitambo ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, na njiani kote kuna mifereji ya umwagiliaji. Maji baridi yakipungua, bahari inachukua nafasi. Na kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito, hupenya chini kama ulimi, chini ya maji baridi, kwa hiyo mkulima akichota juu anaweza asijue mpaka mnazi umwambie. Tumeweka alama kwenye kila shamba lililokufa ambalo mwenyewe alikubali. Ramani ya mwinuko isiyoonyesha hayo itakuwa imepima udongo ikaacha kilichoupata.

Ijumaa, 4 Oktoba

Wiki nzima ndani, kompyuta inakokotoa. Picha zimekuwa wingu la nukta, tumefuta mapaa na miti, tumebaki na ardhi. Kwenye alama 15 za levo tulizoziweka kando kwa ajili ya kujihakiki, tofauti ya kawaida ni sentimita 5. Nimeridhika nayo mjini. Kwenye nyasi ndefu za nyuma siiamini, na nimepatia rangi yake ya pekee.

Tumebishana sana kuhusu sifuri. Ramani za nchi kavu zinaanza kuhesabu kwenye wastani wa bahari. Chati za mabaharia zinaanza kwenye maji ya chini kabisa, ili nahodha asidanganywe na kina. Kati ya sifuri hizo mbili hapa kuna kadiri ya mita 2. Mtu wa mjini hatumii hata moja. Akiuliza, anauliza: bamvua inafika? Mwisho tumeamua hivi: faili za wataalamu zitatumia wastani wa bahari, na karatasi ya kubandika ukutani itaanza kwenye mstari wa chaki wa tarehe 19 Septemba. Sifuri ni pale maji yalipofika watu wakiona. Nyumba yako iko nusu mita juu yake, au kiganja chini yake. Mwenzangu anaona si ya kitaalamu. Mimi naona ndiyo namba pekee kwenye ramani yote ambayo msomaji anaweza kutoka nje akaihakiki mwenyewe.

Maziwe tumeichora kama ilivyo leo: fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Ni hifadhi tangu 1975, na ilikuwa kisiwa chenye mivinje. Miti ya mwisho ilianguka kama miaka arobaini iliyopita, na kasa wakitaga pale, mayai huhamishiwa ufuko wa Ushongo. Nimeacha mstari wa nukta kuonyesha kisiwa kilipokuwa.

Jumamosi, 19 Oktoba

Mwezi mpevu wa juzi ulikuwa wa karibu zaidi mwaka huu wote. Bamvua hii ndiyo mtihani wetu. Tulichapisha ramani ya majaribio inayoonyesha maji yatafika wapi, tukaigawa mtaani tangu Jumatano, tukasema: jana na leo, saa kumi na moja jioni, tutokeni tuone.

Mbele ya mto ramani imeshika. Mahali pengi kosa halikufika upana wa hatua moja. Nyuma ya barabara kuna bonde dogo tulilolitia buluu kwa kuwa liko chini ya mstari. Limekaa kavu kabisa. Limezungukwa na tuta, maji hayana njia ya kuingia. Na mtaa wa nyuma ya nyumba ya yule bibi, tulioupaka rangi ya kahawia kwa kuwa barabara iliyoinuka inaukinga na mto, umejaa maji hadi kwenye vifundo vya miguu.

Nilikwenda mbio. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti barazani, miguu juu, mlango wake mkavu. Uani kwake kuku walikuwa juu ya tanuri. Nikafuata maji kinyume, nikiangalia vijiti vinaelea kutoka wapi, nikafika kwenye mtaro, nikafika barabarani. Chini ya barabara kuna kalvati, tundu la kupitishia maji. Imefunikwa majani, droni haikuiona, na sisi tulipita juu yake na levo mara nne. Mvua ikinyesha inatoa maji kwenda mtoni. Bamvua ikijaa inayarudisha.

Alikuwa ameniambia. Iko kwenye daftari langu, ukurasa wa 73, pembeni, kwa maandishi yangu: shida yake ni uani. Niliyaandika kama maneno ya bibi, sikuyaandika kama kipimo. Nimemwomba radhi jioni hii. Amenipa chai, akasema nije na kijana tukatazame na mtaro wa pili, upande wa msikiti, maana nao una tabia hiyo hiyo.

Jumanne, 22 Oktoba

Tumetembea mitaro yote na wenyeji, siyo peke yetu. Makalvati 14, saba kati yake hayakuwa kwenye ramani. Kwa kila moja tunataka mambo matatu: urefu wa tako lake, upana, na kama limeziba. Modeli sasa haijazi kila palipo chini. Inayafuata maji kutoka mtoni kupitia njia zilizopo. Bonde kavu limetoka kwenye buluu, uani kwa bibi pameingia.

Ng'ambo, nguzo za daraja jipya la mita 525 zinaendelea kupanda. Barabara zake za kuunganisha zitakuwa na matuta, na kila tuta jipya kwenye ardhi hii tambarare ni ukuta mahali fulani na mlango mahali pengine. Kontua zetu za sasa ni za kabla ya hapo, na tarehe nimeiandika kwa herufi kubwa kwenye kona ya karatasi.

Makalvati matatu bado hatujayafikia, yako chini ya maji hata maji ya siku hizi yakikupwa. Mwezi mpevu ujao ni usiku wa kuamkia tarehe 16 Novemba. Maji yatakupwa sana tarehe 17, saa tano asubuhi, na vuli ikiwa haijashika tutaingia mtaroni na fimbo. Kijana ameshaazima mabuti. Bibi ameomba tumkwaruzie mwenyewe mstari wa Oktoba, lakini siyo mlangoni. Anautaka kwenye nguzo ya uani.